Bustani ya masika huanza kabla ya mvua

Mwisho wa Februari jua la Dar es Salaam huwa la utosini kwelikweli. Mji uko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na jua, likiwa njiani kutoka kusini kwenda kaskazini, hupita juu yake mwanzoni mwa Machi. Saa sita na nusu mchana nguzo ya umeme haina kivuli cha kumtosha hata kuku. Udongo wa uani unapeperuka ukifagiwa, mchicha uliosalia umenyauka, na mtu anayetamani bustani hujiambia lilelile la mwaka jana: acha mvua inyeshe kwanza.

Hapo ndipo bustani nyingi hufia, hata kabla mbegu haijanunuliwa. Masika ikishashika, samadi inalowa na kuwa nzito kubeba, tuta haliinuki kwa sababu udongo ni tope, na miche ambayo ingepaswa kuwa tayari haipo. Mtu anahangaika Aprili nzima, anapanda Mei, na mvua inamwacha Juni akiwa na majani matatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mboga za majani methali hii haihitaji tafsiri: utakachochuma Aprili kinategemea ulichofanya Februari na wiki za kwanza za Machi.

Wenzetu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini nao wako kwenye pilikapilika hizohizo wakati huu. Majira yao ya kuchipua huanza kuhesabiwa karibu na Machi 21, siku jua linapovuka ikweta. Wao wanasubiri baridi iondoke, sisi tunasubiri maji, lakini kazi ya mikono ni ileile: kuandaa udongo, kuotesha miche mahali penye hifadhi, kuwa tayari kabla msimu haujabisha hodi.

Haya yanawahusu zaidi wakazi wa pwani kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam, Unguja na Pemba, pamoja na maeneo mengine yenye misimu miwili ya mvua: vuli ya Oktoba hadi Desemba, na masika ya Machi hadi Mei. Msomaji wa Dodoma, Mbeya au Songea ana kalenda nyingine, kwa kuwa mvua yake ni ya msimu mmoja unaoanza karibu Novemba na kuishia karibu Aprili. Na popote ulipo, sikiliza kwanza mwelekeo wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Kuna miaka masika hutangulia, na kuna miaka huchelewa.

Siri ya mvua ya kwanza

Wakulima wa zamani walijua kwamba shamba lililopandwa mapema hushinda lililopandwa wiki mbili baadaye, hata kama yote mawili yamepata mvua ya kutosha. Sababu mojawapo ilifafanuliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, alichapisha mwaka 1958 kazi yake juu ya udongo unaokauka na kuloweshwa tena. Alionyesha kwamba udongo uliokauka sana, ukipata maji, hufumuka uhai. Vijidudu huanza kula mabaki ya mimea kwa kasi kubwa, na nitrojeni, kirutubisho kinachokoza kijani cha majani, hupatikana kwa wingi ndani ya siku chache. Wanasayansi wa udongo duniani kote huliita jambo hilo kwa jina la Birch mpaka leo.

Neema hiyo haidumu. Mvua zikiendelea, sehemu kubwa ya nitrojeni husombwa na maji kwenda chini, mbali na mizizi ya mboga. Kwenye mchanga wa pwani safari hiyo ni ya haraka zaidi. Mche uliokwisha shika mizizi wakati mvua za mwanzo zinaanguka hula karamu, na mbegu iliyotiwa ardhini mwishoni mwa Aprili hukuta masufuria yameshaoshwa.

Chagua mahali, na uwe mchoyo wa nafasi

Anayeanza hukosea kwa kutaka kulima uwanja mzima. Tuta moja la mita moja kwa tatu linatosha kabisa kwa msimu wa kwanza. Upana wa mita moja una maana yake: ukichuchumaa upande wowote, mkono unafika katikati bila kukanyaga tuta. Udongo ukikanyagwa hushikamana, maji hayaingii vizuri na mizizi haipumui.

Mboga za majani zinataka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Simama uani asubuhi, mchana na alasiri, uone kivuli cha ukuta na cha mwembe kinapita wapi. Epuka chini ya mti mkubwa, kwa kuwa mizizi yake itakunywa maji unayomwagilia. Kaa mbali na karo la maji taka na shimo la choo, na usimwagilie kwa maji ya mfereji wa barabarani hata siku ya shida. Jambo la mwisho ni ukaribu: tuta lililo njiani kwenda jikoni au bombani hutazamwa kila siku, na lile la nyuma ya nyumba husahaulika.

Asiye na ua ana viroba. Kiroba cha kilo 50 kikijazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati kikawekewa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, hupandwa juu na pia ubavuni kwenye matundu. Nguzo hiyo hutengenezwa kwa kopo lisilo na kitako: unalijaza kokoto, unazungushia udongo nje, kisha unalivuta juu na kurudia hadi kiroba kijae. Kibera, Nairobi, mtindo huu ulienea sana baada ya mwaka 2008, na leo unaonekana hata kwenye vibaraza vya nyumba za kupanga Dar es Salaam.

Mchanga wa pwani unahitaji kulishwa

Kabla ya kununua mbegu, ujue udongo wako. Chukua konzi ya udongo, uloweshe kidogo, ufinyange. Ukikataa kabisa kuwa donge, ni mchanga. Ukifanya donge linalovunjika ukiligusa, una bahati. Ukivutika na kutengeneza kamba ndefu, ni mfinyanzi. Sehemu kubwa ya viwanja vya pwani huangukia kundi la kwanza, na mchanga una tabia mbili zinazomchosha mkulima: hauhifadhi maji na hauhifadhi chakula.

Dawa yake ni moja, nayo ni vitu vilivyooza. Samadi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyokaa miezi kadhaa, ikawa nyeusi, imepoa na haina tena harufu kali, ndiyo rafiki wa bustani. Weka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba. Ikitandazwa, hiyo hufanya tabaka la sentimita mbili. Kisha ichanganye na udongo kwa jembe la uma au jembe la kawaida hadi kina cha sentimita 20 hivi. Mbolea ya kuku ina nguvu zaidi, kwa hiyo robo ya kiasi hicho inatosha, nayo lazima iwe imeoza. Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu.

Mboji ya nyumbani ni bora zaidi, ila inataka subira ya miezi miwili hadi mitatu. Anayeianza sasa anaandaa bustani ya kipupwe na vuli. Panga tabaka za majani makavu, majani mabichi na maganda ya jikoni, samadi kidogo na udongo, hadi lundo lifike mita moja kila upande. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto, kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu, lundo linataka maji, ikiwa baridi na inanuka, maji yamezidi na lundo ligeuzwe lipate hewa.

Kwa masika, tuta liinuliwe sentimita 15 hadi 20 juu ya njia ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi hufanywa kinyume, tuta linazamishwa ili kila tone libaki. Ukimaliza, mwagilia tuta lako tupu siku mbili tatu, magugu yaote, uyang'oe yakiwa machanga. Kazi hii ya nusu saa inaokoa jasho la mwezi mzima.

Kipi kipandwe, kipi kingoje

Watu wengi wakisikia bustani huwaza nyanya kwanza, na wakivunjwa moyo na nyanya huacha yote. Nyanya za masika pwani ni kazi ya mzoefu. Majani yanayolowa kila siku hushambuliwa na bakajani, na usiku wa Februari na Machi, wenye joto linalozunguka nyuzi 24, huyafanya maua mengi yaanguke bila kushika matunda. Ndiyo maana nyanya hupanda bei sokoni mvua zikizidi. Sia kitalu chake mwishoni mwa Aprili, uhamishe miche mwishoni mwa Mei, na matunda yatakomaa kwenye baridi ya kipupwe na hewa kavu. Kabichi na karoti waachie watu wa Lushoto, Iringa na miteremko ya Kilimanjaro.

Masika ya pwani ina mboga zake. Mchicha huwa tayari kung'olewa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa. Matembele hayahitaji hata mbegu: kata marando, yaani vipande vya shina vya sentimita 25 hivi, vizike theluthi mbili, na baada ya mwezi au mwezi na nusu utaanza kuchuma ncha, nayo yataendelea kuchipua kadiri unavyochuma. Bamia hupandwa moja kwa moja tutani, mbegu zikiwa zimelowekwa usiku kucha, na huanza kutoa baada ya siku 50 hadi 60. Zichume kila baada ya siku mbili kabla hazijawa ngumu. Kunde hutoa majani kwanza na maharage yake baadaye, na mizizi yake huacha nitrojeni ardhini. Nyanya chungu na sukuma wiki huanzia kitaluni, lakini zikishashika hulisha nyumba kwa miezi.

Kwa tuta la mita tatu, ligawe hivi: mita moja ya mchicha, mita moja ya matembele, na mita ya mwisho miche sita ya sukuma wiki, mitatu kila upande. Pembezoni chomeka mashina machache ya bamia. Mchicha ukishang'olewa, sia mwingine palepale.

Mbegu nunua kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe na lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI). Mbegu ya zamani ijaribu: weka kumi kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, funika, usiache kikauke. Zikiota saba au zaidi, panda. Chini ya tano, usipoteze msimu.

Kifuniko kimoja cha soda

Mbegu ya mchicha inastahili maelezo yake, maana ndogo kuliko hiyo ni chache. Gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu moja. Anayeimwaga kwa kiganja hupata zulia la miche inayokabana koo, yote myembamba, hakuna inayokua. Wenye mazoea huchukua kifuniko kimoja cha soda cha mbegu, wakakichanganya na vikombe viwili vya mchanga mkavu, ndipo wakanyunyiza kwenye vijifereji vilivyochorwa kwa kidole, sentimita 15 kati ya mstari na mstari. Mchanga mweupe juu ya udongo mweusi huonyesha wapi pamepata na wapi bado. Funika kwa udongo mwepesi usiozidi nusu sentimita, kandamiza taratibu kwa kiganja, tandaza nyasi kavu juu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo.

Kisha zilinde mbegu na sisimizi. Hao wanaweza kubeba mbegu zote kwa usiku mmoja, wakazipanga kwenye shimo lao. Mstari wa majivu kuzunguka tuta husaidia, ila urudiwe kila ukilowa. Siku ya tatu au ya nne miche itaonekana, na siku hiyohiyo nyasi ziondolewe jioni, jua likiwa limepoa.

Sukuma wiki na nyanya chungu hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, chini ya kichanja cha makuti au nyasi chenye urefu wa mita moja. Adui wa hapo ni kinyausi. Asubuhi unakuta miche iliyolala, majani bado mabichi, na ukiinama vizuri unaona shina limesinyaa pale linapotokea ardhini, limekuwa kama uzi. Ni ukungu unaoishi kwenye udongo, na unaoualika ni maji mengi, msongamano na kivuli kizito. Mwagilia asubuhi badala ya usiku, punguza miche iliyosongamana, na usitumie udongo wa kitalu cha mwaka jana. Ikianguka miche miwili mitatu, acha kumwagilia kwa siku moja upate kuokoa iliyobaki.

Wiki ya mwisho kabla ya kuihamisha, punguza kivuli kidogo kidogo na maji pia, miche izoee maisha ya nje. Ihamishe jioni au siku ya mawingu, kila mche na donge lake la udongo, sukuma wiki ikiachiana sentimita 45 hadi 60.

Hesabu ya maji

Kati ya kusia na mvua kushika kuna siku ambazo ndoo ndiyo mvua. Kwenye joto la sasa mita moja ya mraba hutaka lita nne hadi tano kwa siku. Tuta la mita tatu ni lita 15, yaani chini ya ndoo moja kubwa. Hata nyumba inayonunua maji inaweza kulimudu, hasa ikitumia maji yaliyooshea mchele na mboga. Anayeanza na matuta kumi ndiye anayeshindwa na bili.

Matandazo hupunguza kiasi hicho. Nyasi kavu, majani ya mgomba au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yakitandazwa kati ya mistari kwa unene wa vidole vitatu, huzuia jua lisinyonye unyevu. Mvua ikija, hayohayo huzuia matone makubwa yasirushe udongo kwenye majani, na udongo huo ndio unaobeba magonjwa mengi.

Weka pipa chini ya bati sasa hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 30, mvua ya milimita 20, ambayo kwa Aprili ni ya kawaida, linatoa hadi lita 600: mapipa matatu ya lita 200, bure. Yafunike mbu wasizaliane humo.

Wageni wasioalikwa

Mvua huleta konokono. Yule mkubwa wa pwani ni mwenyeji wa hapa, na safari za watu zimemsambaza hadi Asia, visiwa vya Pasifiki na Florida, ambako anahesabiwa miongoni mwa wadudu waharibifu wabaya kabisa. Hula usiku na kujificha mchana chini ya matofali na mbao. Mwokote jioni kwa tochi, ukiwa umevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi kwa kuwa anaweza kubeba minyoo yenye madhara kwa binadamu, na uondoe takataka anamojificha.

Vidukari hukusanyika chini ya majani ya bamia na kunde. Wakiwa wachache wapanguse kwa vidole. Wakizidi, kijiko kimoja cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, kikinyunyizwa upande wa chini wa majani wakati wa jioni, kinatosha. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha nayo husaidia. Dawa kali za dukani hazina nafasi kwenye mboga inayoliwa wiki hii.

Kuku wa jirani ni suala la diplomasia. Atachakura tuta jipya dakika tano tu na kazi yote imekwisha. Zungushia fito na wavu chakavu wa samaki kabla ya kusia, ndipo baadaye umpelekee jirani fungu la kwanza la mchicha. Ukianza na malalamiko, wavu utauhitaji tu, na ujirani utakuwa umeharibika.

Kazi za wikiendi hii na zinazofuata

Wikiendi hii: chagua mahali, pima udongo, leta samadi, sia kitalu cha sukuma wiki. Inayofuata: inua tuta, changanya samadi, lowesha, weka uzio. Wikiendi ya tatu, katikati ya Machi: ng'oa magugu yaliyoota, panda matembele na bamia, sia mchicha. Mwishoni mwa Machi au wiki ya kwanza ya Aprili, mvua ikiwa imeshika, hamisha sukuma wiki. Kabla ya katikati ya Aprili utakuwa unang'oa mchicha wako.

Usiongeze tuta la pili mpaka la kwanza limelisha nyumba kwa mwezi mmoja mfululizo. Tuta moja linalotunzwa litakufundisha mwendo wa maji na jua la kiwanja chako, na ukifika Mei, wakati wa kuhamisha miche ya nyanya, utajua mwenyewe kama una mikono na maji ya kutosha kwa tuta jingine.